Sumaku Ambayo Haikuwepo

Ukiwa mgonjwa wa kichwa, na mtu wa kwenu amekushika mkono akisema twende hospitali, muulize mnaenda kufanyiwa nini. Ngoja ajibu. Kisha ingia kwa daktari umuulize swali hilo hilo wewe mwenyewe, mtu wako akiwa nje ya mlango. Ninaandika haya kwa ajili ya yule aliyeketi kwenye benchi sasa hivi na hana nguvu ya kuuliza hata ni saa ngapi. Mimi nimeketi pale. Na kabla ya kuketi pale nilikuwa mtu wa maswali kupita kiasi. Nikiwa mdogo nilitolewa nje ya darasa la Jumapili kwa kutaka kujua kwa nini Nuhu hakuwaacha kupe nje ya safina.

Ugonjwa ulinikuta nikifundisha biolojia katika shule ya wasichana karibu na Matinyani, mwaka wangu wa pili tangu kumaliza chuo kikuu. Nilisomea wanyama. Siku moja, mavuno ya mahindi yakiwa yamekwisha na vumbi limeanza, nilisimama mbele ya kidato cha tatu nikasema, "Moyo wa chura una vyumba," nikanyamaza. Idadi nilikuwa naijua. Sikuona tu sababu ya kuitaja. Wasichana walingoja kalamu zikiwa juu, mmoja akacheka kidogo, mwingine akaenda kumwita mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alinikuta nimeshika chaki vile vile.

Watu huuliza kama nilikuwa na huzuni. Ingekuwa huzuni ningeshukuru. Chakula kilikuwa na ladha ya karatasi. Nywele zilitoka kwenye kitana kwa mafungu. Siku zangu za mwezi zilikatika. Kuvua viatu ilikuwa kazi ya kupangiwa tangu asubuhi, na mara nyingine jioni ilifika bado navitazama. Shule ilinipa likizo, nikarudishwa nyumbani Kasikeu kwa mama yetu, na kwa dada yangu mkubwa, Kavata.

Kavata lazima nimweleze vizuri, kwa sababu jambo lote hili ni lake na langu. Baba alipofariki tulikuwa wadogo. Kavata aliacha shule akajifunza kushona, na cherehani yake pale sokoni ndiyo iliyonipeleka shule ya upili hadi chuo. Hakuwahi kunikumbusha hilo. Alinitania tu. Nilipokuja likizo alipiga kelele kutoka barandani, watu wote wa soko wasikie: "Profesa wa panya amefika! Ficheni mahindi!" Katika ulimwengu mzima yeye ndiye mtu ambaye maneno yake sikuyapima. Mchungaji nilimpima, wahadhiri niliwapima, serikali ndiyo usiseme. Kavata akisema mvua inakuja, nilianua nguo.

Mama alisema ni jambo la maombi. Kina mama wa kanisa walikuja siku za Jumatano, wakaniwekea mikono kichwani, mikono mizito yenye harufu ya sabuni na moshi, wakaomba mpaka jasho likawatoka. Mimi siamini mengi, lakini nitasema ukweli: uzito wa mikono ile ulikuwa afadhali kuliko kuguswa na hewa. Wakiondoka Kavata alimwambia mama, "Mwaitu, waombe, ni sawa. Lakini huyu ni mgonjwa. Hata mbuzi akiacha kula tunamwita daktari."

Tulianza na hospitali ya karibu. Vidonge vilinikausha mdomo hadi ulimi ukabandika kwenye kaakaa, na vikanitetemesha mikono nikawa siwezi kubeba kikombe kilichojaa. Mvua ya Machi ilikuja kidogo ikakatika. Vidonge vikabadilishwa, vya pili vikaninenepesha uso. Baridi ya Julai ikaja, bado nipo kitandani. Hapo ndipo tukaandikiwa kwenda hospitali kubwa, ambayo sitaitaja, na daktari wa huko, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya upole, akamwambia Kavata kwamba kilichobaki ni umeme.

Walidhani sisikii. Nilisikia, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilifungua mdomo kwa hiari yangu.

"Stima, hapana," nilisema. "Kuna sumaku."

Daktari aligeuka akanitazama kama kiti kimezungumza.

Nilimweleza, polepole, nikitafuta kila neno. Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilisoma maktaba, kwenye jarida la ng'ambo, jinsi watafiti walivyokuwa wakijaribu panya. Kundi moja linapigwa umeme kichwani hadi kifafa kije. Kundi jingine linawekewa sumaku yenye nguvu juu ya kichwa, inapiga ta-ta-ta, bila kifafa. Kisha panya wote wanatiwa kwenye chombo kirefu cha kioo chenye maji, na mtu anatazama. Panya anayeogelea kwa muda mrefu wanasema ana matumaini. Anayeacha na kuelea tu wanasema amekata tamaa. Wa sumaku na wa umeme waliogelea karibu sawa. Wakati ule nilibishana na makala yenyewe. Niliandika pembeni mwa karatasi yangu: nani alimuuliza panya? Labda anayeelea ndiye mwerevu, ameona hakuna mlango, anahifadhi nguvu.

"Umesoma vizuri," daktari alisema. "Lakini hiyo bado ni ya panya, na watu wachache huko mbali. Hapa hatuna."

"Basi niacheni hivi hivi. Kichwa hiki ndicho kitu pekee nilichonacho."

Kavata alinitoa, akanikalisha kwenye benchi ya ukumbini, akarudi ndani peke yake. Nilitazama ukuta. Alipotoka alikuwa anatabasamu, na alichuchumaa mbele yangu ili macho yetu yawe sawa.

"Mutheu. Amekubali."

"Amekubali nini?"

"Hiyo sumaku yako. Iko."

"Amesema haiko."

"Iko ya majaribio. Imeletwa juzi, hawataki kila mtu ajue. Wanatafuta mtu amesoma, mtu anaweza kuwaelezea vile anasikia. Nikamwambia, si huyu hapa?"

Mtu amesoma. Angalia vile alivyonijua. Aliacha kunivuta kwa huruma, kwa Mungu, kwa mama, akanivuta kwa kile kidogo cha majivuno kilichokuwa bado hakijafa. Nikasema sawa.

Matibabu yalikuwa Jumatatu na Alhamisi. Tulilala kwa binamu ya mama, si mbali na hospitali, na mwisho wa wiki tukirudi Kasikeu. Asubuhi ya matibabu huli, hunywi. Unavua hereni, unafunguliwa nywele, unalala kwenye kitanda chembamba chenye shuka ya kijani. Muuguzi mmoja mnene, mcheshi, aliinama kila mara akaniuliza, "Tayari kuchomwa, mwalimu?" Nami nilijibu tayari, nikimwonyesha mkono wa kudunga sindano. Kwetu mtu huchomwa sindano, huchomwa na jua, huchomwa na stima, na neno ni hilo hilo. Nilisikia sindano. Yeye, sasa ninajua, alikuwa akiuliza ruhusa ya sindano na ya stima, na mara zote nilimpa.

Nilimuuliza Kavata mara moja kwa nini sumaku inahitaji nilazwe usingizi, maana panya wale hawakulazwa. Alisema mashine ina kelele. Nikaridhika. Mimi! Mwanafunzi wangu angenipa jibu kama hilo ningempa sifuri.

Nilizinduka taya likiuma, kichwa kizito, wakati mwingine ulimi umeumwa. Kavata alikuwa tayari amenipangusa mapanja, pande mbili za kichwa, kwa leso yenye maji. Nilidhani ni upendo tu. Sikujua kwamba kulikuwa na mafuta ya kunata pale mashine ilipobanwa, na kwamba alikuwa akiyaondoa nisiyaone. Kisha alifungua chupa akanimiminia uji wa mtama.

Baada ya mara ya tatu, uji ule ulikuwa na ladha. Niliushika mdomoni nisiumeze. Ulikuwa mchachu, na ndani yake kulikuwa na sukari, na nikaanza kulia kwa sababu ya sukari.

Jumamosi ile nyumbani nilikula muthokoi wa mama, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nikaomba kuongezewa. Mbuzi wa jirani alipanda kwenye kiti cha mchungaji aliyekuja kuniombea, akakaa pale kama mgeni rasmi, nikacheka mpaka nikashika mbavu. Mama alienda kulia jikoni. Na usiku wote ule hadi usingizi uliponichukua nilimfundisha Kavata habari za sumaku: koili, mkondo, panya wanaoelea na panya wanaoogelea, na swali langu la nani alimuuliza panya. Alisikiliza kidevu mkononi. Akauliza kama sumaku yenye nguvu hivyo inaweza kuvuta sindano za cherehani yake kutoka hospitali hadi Kasikeu. Nilifurahi kwa swali lile. Nikamjibu kwa makini sana.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko taya.

Wiki iliyofuata benchini nilikaa karibu na Halima, mke wa mfanyabiashara wa mbuzi kutoka upande wa Kyuso. Aliletwa na mke mwenzake, aliyekuwa nje akitafuta maji ya kunywa. Halima alikuwa ameamka kama mimi. Alikuwa na maneno mengi ya kulipia miezi ya ukimya.

"Mke mwenza wangu anataka nipone kuliko mume," alisema. "Kazi imemshinda. Watoto tisa! Anasema Halima rudi, hata ukirudi na kelele zako." Alicheka, akanigusa goti. "Wewe wamekuchoma mara ngapi?"

"Sindano?"

"Sindano gani? Stima."

"Mimi sipigwi stima. Mimi ni wa sumaku."

Alinitazama. Hakuwa mtu wa dharau. "Dada," alisema taratibu, "hiyo chumba iko na mashine moja. Mimi huingia mbele yako. Jumatatu ulikuwa kwa mlango unangoja wakinitoa. Sisi wote ni wa hiyo moja."

Nilishika mapanja yangu. Wakati ule, na sijui kwa nini si mapema, kila kitu kilijipanga: taya, ulimi, leso yenye maji.

Kavata alikuwa mwisho wa benchi, anakunja sweta yangu.

"Kavata, ni stima?"

"Nani amekuambia?"

"Hilo sijauliza."

Aliiweka sweta juu ya mapaja, akailainisha. "Ni stima."

Ukumbi mzima ulitega masikio. Watu wa benchi hawana redio; ugomvi wa jirani ndio taarifa yao ya habari.

"Ulinidanganya."

"Ndiyo. Na umepona nusu. Maliza hiyo nusu ingine, halafu unitukane ukiwa mzima. Nitakaa hapa unitukane."

"Panya ndio hufanyiwa hivi. Anashikwa mkia anatiwa majini. Hakuna mtu humuuliza."

"Panya hana dada, Mutheu."

Mzee mmoja alisema "Eeh!" kama yuko kanisani. Nilitaka kumpiga kofi.

"Ungeniambia," nilisema.

"Nilikuambia ukakataa. Ningefanya nini? Nikungoje tena kwa tangi?"

"Tangi gani?"

Hapo Kavata alibadilika uso. Alitazama watu, akashusha sauti. Akasema kwamba Jumapili moja ya Juni, mama akiwa kanisani, yeye mwenyewe alirudi nyumbani kuchukua kitabu cha nyimbo alichokisahau. Kifuniko cha tangi la maji ya mvua kilikuwa wazi. Nilikuwa ndani, na nguo zangu zote, nimelala chali juu ya maji, macho wazi, sipigi hata mkono. Alinivuta kwa nguo. Alinibadilisha, akaanika nguo, na hakumwambia mtu.

"Sikumbuki," nilisema.

"Najua hukumbuki. Hiyo stima imechukua. Nilifurahi ilivyochukua."

Mnaosoma haya na mnajiandaa kwa matibabu haya, jueni hilo nalo: hunyakua kumbukumbu. Yangu ilichukua sehemu kubwa ya miezi iliyotangulia. Kuna picha ya harusi ya binti wa jirani ambamo nimeshika kisu cha keki nikitazama kamera, na harusi hiyo siikumbuki kabisa. Kwa hiyo sikuweza kumkatalia Kavata kuhusu tangi. Wala sikuweza kumkubalia. Nilimfundisha mwenyewe, siku chache tu zilizopita, habari za panya anayeacha kuogelea na kuelea. Aliniokota kwenye maji, au aliokota hadithi kutoka mdomoni mwangu? Baadaye nilimuuliza mama. Akasema ndiyo, anakumbuka Jumapili nguo zangu zikiwa kwenye kamba, na Kavata alisema amefua. Nani hufua Jumapili kwetu? Lakini hilo nalo si ushahidi. Ni nguo kwenye kamba.

Jina langu liliitwa. Kavata alisimama kunisindikiza.

"Kaa," nilimwambia. Akakaa.

Niliomba kumwona daktari kwanza. Nilisimama mbele ya meza yake nikiwa na gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, ambalo si vazi la kudai haki.

"Dada yako aliniambia umekubali," alisema.

"Wewe uliniuliza?"

"Ulikuwa huongei."

"Niliongea. Niliongea na wewe kuhusu panya, ukaniambia nimesoma vizuri."

Aliweka kalamu chini. Sauti yake ya upole ilikuwa imekwenda mahali. "Ni kweli," alisema. "Nilipaswa kukuuliza. Sasa nakuuliza. Tuache, ama tuendelee?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, si kwa swali. Nikamuuliza maswali yangu. Kumbukumbu zitarudi? Nyingine ndiyo, nyingine hapana, na hawezi kuniambia zipi. Tukiacha leo? Pengine nibaki hivi, pengine nirudi kitandani. Ameona wengi wakirudi. Na sumaku ingekuwa bora? Alisema hajui, na kwamba hata wanaoijaribu kwa panya bado hawajui mengi, zaidi ya kwamba wanyama wale wanaonekana kufanana katika mambo fulani. Lilikuwa jibu la kwanza la kweli nililopewa katika jengo lile. Lilikuwa dogo, lakini ningeweza kulisimamia.

Nilifikiria ile ladha ya sukari. Nilifikiria kitanda cha Kasikeu na viatu ambavyo havivuliki. Hasira yangu ilinitaka nitoke nje nikiwa na kichwa changu, iwe ni heshima yangu. Lakini nilijua pia kwamba hasira yenyewe nilikuwa nimeletewa na mashine ile. Miezi miwili kabla nisingeweza kumkasirikia hata nzi.

"Kiite jina lake," nilisema.

"Nini?"

"Hicho mtakachonifanyia. Kiite."

"Umeme," alisema daktari. "Tunapitisha umeme kichwani, ukiwa usingizini, mpaka mwili upate kifafa kifupi."

"Basi nichomeni umeme."

Nilipolala kwenye shuka ya kijani muuguzi mcheshi aliinama. "Tayari kuchomwa, mwalimu?"

"Sindano na stima," nilisema. "Vyote viwili. Tayari."

Alinyooka akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakutania. Alinishika mkono mpaka usingizi ukaja.

Tulimaliza Oktoba. Halima alimaliza kabla yangu. Aliondoka na mke mwenzake wakigombana kuhusu nani abebe chupa ya chai. Vidonge niliendelea navyo, na bado ninavyo, na mwenye kukuambia uvitupe kwa sababu umecheka wiki moja, usimsikilize. Mvua ilipofika tulipanda ndengu, mimi, mama na Kavata, kila mmoja kwenye mstari wake. Januari nilirudi shuleni nikawaambia wasichana moyo wa chura una vyumba vitatu. Mmoja akaandika, na hakuna aliyecheka.

Kavata nilimshukuru, kwa sababu nisingekuwa hapa. Kumsamehe ni jambo lingine na sijafika huko. Watu wa kanisa wanashangaa: umepona, unataka nini tena? Nataka mtu mmoja ambaye akisema mvua inakuja ninaanua nguo. Sina tena. Sasa akisema natoka nje kutazama mawingu. Na mateso yenyewe ni kwamba miezi yangu iliyopotea iko kwake. Nikitaka kujua nilisema nini, nilikula nini, nilimtusi nani, ni lazima niende kwa yule yule aliyenipa sumaku, nipokee anachonipa.

Krismasi iliyopita tulikuwa barandani kwake, anashona mkono wa gauni la mteja, mimi natia vifungo. Nikamuuliza jambo nililokaa nalo muda mrefu.

"Kavata, nikiugua tena. Nikikataa tena. Utafanya nini?"

Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mshono ukaisha. Akakata uzi kwa meno.

"Nitakudanganya tena," alisema.

Katika yote aliyoniambia tangu mwaka ule, hilo ndilo pekee ambalo sikutoka nje kulitazama.